Nyekundu ya Waterloo ilivyoniaibisha mbele za watu

Juzi msomaji kaniandikia, "Kaka, nimepaka rangi vinyago 20 vya askari wa Kiingereza wa vita vya Waterloo, vile vya kupigana na Napoleon, lakini nyekundu yangu inawaka kama pipi, nakosea wapi?" Nikakaa kimya kidogo, maana huyo ni mimi kabisa wa miaka kadhaa nyuma.

Kipindi hicho nilipaka rejimenti ya 33 ya jeshi la Kiingereza, vinyago 24 vyenye kimo cha milimita 28, usiku kwa usiku, macho yamevimba. Wote nikawapa nyekundu ileile inayong'aa, ofisa mpaka askari wa kawaida, halafu kola na kafu za mikono nikazitia njano kwa sababu tu nilipenda. Siku ya mchezo wa vita wa mezani nawapanga kifua mbele, jamaa mmoja akamnyanyua mmoja akauliza hawa ni wa wapi, nikamjibu 33, akacheka kwa sauti, "33 kafu zao nyekundu bwana!" Meza nzima ikageuka. Kile kicheko bado kinaniuma na sioni haya kusema.

Lakini alikuwa sahihi. Kwenye brigedi ya jenerali Halkett, yaani kundi la rejimenti alizoziongoza Waterloo tarehe 18 Juni 1815, 33 walikuwa na kafu nyekundu, 30 njano iliyopauka, 69 na 73 kijani. Na koti la askari wa kawaida lilitiwa rangi ya mizizi ya mmea, nyekundu iliyofifia inayokaribia tofali, ile inayowaka ilikuwa ya maofisa, wenye kitambaa cha bei. Kwa hiyo mimi nilikuwa na jeshi la maofisa 24!

Sasa sikiliza. Anza na nyekundu iliyochanganywa na kahawia, nyepesi, kupaka mara mbili ni bora kuliko mara moja nzito. Ikikauka pitisha kahawia ya majimaji iingie kwenye mikunjo ya kwapa na chini ya mkoba, kisha rudisha nyekundu juu ya mabega na viwiko tu. Ukitaka kung'arisha zaidi tia chungwa kidogo, usitie nyeupe, utapata koti la pinki, nimeshalipata. Mikanda ya kifuani ianze kijivu, nyeupe ipite katikati, na kiuzi chembamba cha giza kibaki pembeni, hapo mkanda unajitenga na koti wenyewe. Ofisa ndiye umpe ile inayowaka, utaona anavyojitokeza kwenye safu.

Na soma kabla hujashika brashi, ndugu zangu, soma! Hao walikuwa watu, walisimama wamejipanga umbo la mraba, bunduki zimeelekea nje pande zote, huku farasi wa Wafaransa wanawazunguka, kumvika mtu sare ya wenzake kwa uvivu ni kumkosea heshima.

Kaka, hao 20 wako usiwakwangue. Wapitishie kahawia ya majimaji leo usiku, uwaache mpaka asubuhi, halafu nitumie picha ya mabega.