Nililipia mlima wa Moshi, nikachorwa wa Loitokitok

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 34, nauza mashati ya mtumba soko la Memorial hapa Moshi. Baba yangu alifariki mwaka juzi. Alianza kama mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu, akaishia kuwa mwongoza wageni, na alipanda mlima ule mara nyingi kuliko alivyokwenda Dar. Kwetu ni huko huko Marangu. Ukisimama uani asubuhi kabla wingu halijashuka, kilele cha Kibo kiko kushoto, cha Mawenzi kulia. Hivyo ndivyo nilivyouona mlima tangu nikiwa mtoto.

Nikajiambia, mchezo ukinifikia nitamchora baba. Mchezo wetu tuko wanawake kumi, kila mmoja anatoa 70,000 kwa mwezi, hivyo ukipokea ni laki saba. Zamu yangu ilikuwa Desemba. Wenzangu walinunua friji na makochi, mimi nikaenda kuchorwa tatuu. Najua utanicheka.

Fundi yuko Arusha. Kazi zake niliziona kwenye simu ya binamu yangu, simba, maua, sura za watu, kazi safi. Nikamwambia sitaki mlima wa kwenye fulana za watalii, nataka wa kwetu, na jina la baba chini yake. Akanijibu, "Dada, mimi sinakili. Nitakuchorea wa peke yako." Laki mbili ilikuwa ya kubuni mchoro, laki tano ya kuchora mwilini. Baada ya siku nne akanitumia mchoro WhatsApp. Siku hiyo nilikuwa nafungua balo, wateja wamenizunguka, nikatupia jicho nikamwandikia "safi sana". Siku ya kazi alinibandika mkononi ile karatasi ya zambarau yenye mchoro, akauliza kama iko sawa. Nikasoma jina la baba, nikaona herufi hazijakosewa, nikamwambia aendelee. Tulikaa saa tano.

Siku ya tatu nikarudi sokoni. Jirani yangu wa viatu, ambaye alishafanya biashara upande wa Kenya, akanishika mkono, akautazama, akasema, "Mama, umehamia Loitokitok lini?" Loitokitok ni mji wa Kenya, upande wa pili wa mlima. Ndipo nikaona. Mawenzi iko kushoto, Kibo kulia!

Sasa ni wiki ya saba. Herufi za jina zimesambaa ukingoni kama wino kwenye tishu. Theluji aliyoniwekea nyeupe imekuwa rangi ya mtindi uliolala. Halafu mdogo wangu akapekua kazi za zamani za yule fundi, akakuta mlima ule ule, na mawingu yale yale, kwenye mguu wa mzungu mmoja, ila wa mzungu una tembo mbele. Nikampigia. Akasema, "Mlima ni mlima, dada. Kwani umepinduka?" Kurekebisha anataka 250,000 nyingine.

Mume wangu anasema nikafute kwa leza. Shemeji anasema ndimu na chumvi. Mama yangu ni mzee wa kanisa, hajaona bado, na mimi navaa mikono mirefu kwenye jua hili la Februari. Nimdai fundi pesa zote? Nifute? Nifanyeje?

Mlima Umegeuka, Moshi

JIBU

Marahaba binti yangu. Kwanza weka hiyo ndimu chini. Wino wa tatuu hauko juu ya ngozi, uko ndani, kwenye tabaka la pili, na ndimu haifiki huko. Itakuunguza tu juu, na ngozi yetu nyeusi ikiungua ina tabia ya kuacha kovu nene linalotuna. Hapo utakuwa na mlima uliogeuka na wenye mabonde. Shemeji yako apeleke chumvi yake jikoni.

Pili, sikucheki. Friji inaharibika umeme ukikatika mara tatu.

Sasa ngoja nikuambie kitu ambacho si wengi wanakijua. Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa fundi cherehani, miaka kumi na minane, kibanda changu hakikuwa mbali na hapo unapouzia. Mwaka 1994 mama mmoja aliniletea kitenge cha majogoo, nimshonee bintiye gauni la kupokelea mahari. Nikakata usiku kwa taa ya chemli. Asubuhi nikakuta majogoo yote yanatazama chini, miguu juu. Unajua nilimwambiaje? "Kitenge ni kitenge, mama. Nani atakwenda kuhesabu vichwa vya kuku?" Kwa hiyo niliposoma maneno ya fundi wako niliona haya mwenyewe, kama vile mtu amenikumbusha deni. Fundi anayesema hivyo anajua kabisa alichofanya.

Lakini malalamiko yako ni matatu na umeyafunga pamoja kama balo. Hebu tulifungue.

Theluji. Hilo msamehe nusu. Wino mweupe ukikaa chini ya ngozi ya kahawia unauona kupitia hiyo kahawia, ni sawa na kutazama maziwa kupitia glasi ya chai ya rangi. Hauwezi kubaki mweupe hata angechora nani. Fundi anayeijua ngozi yetu hachori theluji kabisa. Anaiacha ngozi ilivyo pale penye barafu na kutia giza pembeni, basi barafu inajitokeza yenyewe. Alipaswa kukuambia kabla ya kuchukua kianzio.

Herufi kusambaa ni kosa la mkono wake. Sindano inatakiwa kuingia milimita moja hivi, ikizidi kidogo basi isifike mbili. Ikizama zaidi, wino unaingia kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, na huko hakuna cha kuushika, unatambaa. Ngozi ya mkono upande wa ndani ni nyembamba, inataka mkono mwepesi. Usisubiri ipone ijirudi, haitajirudi. Dawa yake ni fundi mwingine kunenepesha herufi zile ili ukingo uliovuja uwe ndani ya herufi yenyewe. Ila si sasa. Juu ngozi imeshafunga lakini ndani bado inajijenga, upe mkono miezi mitatu au zaidi tangu siku ya kuchorwa.

Tuje kwenye mlima, ambako ndiko roho yako iliko. Usidhani alibandika karatasi kinyume. Ingekuwa hivyo hata jina la baba lingesomeka kinyume. Alichofanya ni kuchukua picha iliyopigwa Amboseli. Picha nyingi za Kilimanjaro zinazozunguka duniani, hasa zile zenye tembo, zimepigwa huko Kenya, kaskazini mwa mlima, na kwa anayesimama kaskazini Mawenzi lazima iwe kushoto. Tembo alimfuta, mlima akauacha. Kwa hiyo mlima wako haujageuka, umetazamwa kutoka nyuma. Tena hata hapa kwetu wapo wanaouona hivyo. Mtu wa Tarakea, kule Rombo, akitoka nje asubuhi anaiona Mawenzi kushoto, tena karibu yake, na Kibo huko kulia nyuma. Baba yako angekuwa Mrombo ningekuandikia tulia, fundi amepatia bila kujua. Lakini mtu wa Marangu kumvalisha mlima wa Rombo mkononi mwa bintiye, hapana. Najua kijijini watasema nini, na watasema kwa miaka.

Sehemu yako ya kosa nayo ipo. Uliulizwa mara mbili, ukakubali mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unauza shati la elfu tano huku unaidhinisha kazi ya laki saba.

Kwa hiyo usidai laki saba. Atakuonyesha ile "safi sana" yako, na zile saa tano alizokaa ameinama kweli alikaa. Dai laki mbili ya mchoro. Hapo hana pa kutokea, kwa sababu alisema hanakili, akapokea pesa ya kubuni mlima wa peke yako, akakuuzia wa mguu wa mzungu. Ujumbe wake upo, muamala wa simu upo, picha ya ule mguu ipo. Zitunze hizo zote, na zitume kwa mtu mwingine pia, simu huibwa. Juu ya laki mbili omba na kiasi cha kurekebishia herufi zilizovuja. Mimi ningeanzia laki tatu na nusu nikakubali mbili na nusu, maana ndicho kiasi alichothubutu kukuomba wewe.

Usimpigie, nenda. Na usiende na mume wako mwenye hasira wala mdogo wako mwenye kamera. Nenda na mtu mzima mmoja asiye na maneno mengi, baba mdogo kwa mfano. Yule mama wa majogoo hakunitukana. Alikuja kibandani saa mbili asubuhi, akaomba kiti, akakaa. Kila mteja aliyeingia alimwonyesha gauni, basi, bila neno. Saa nane mchana nilikuwa nimeshakwenda dukani kumnunulia kitenge kingine kwa pesa yangu. Fundi wako akikataa hata hivyo, dai la kiasi hiki ni la Mahakama ya Mwanzo, na makubaliano ya mdomo na ya meseji nayo ni mkataba kisheria. Kumwanika sura mtandaoni kwa matusi usijaribu, utajikuta wewe ndiye unayeitwa polisi.

Na 250,000 yake usimpe. Mkono uliozamisha sindano mara ya kwanza hauwi mwepesi kwa sababu umelipwa zaidi.

Kuna jambo hukulisema na mimi lazima niliulize. Alifungua sindano mpya mbele ya macho yako? Alivaa glovu, akamimina wino kwenye vikombe vipya? Kama huna uhakika, nenda kapime homa ya ini na virusi vya UKIMWI sasa, urudie miezi mitatu ikitimia. Sikutishi. Ni kipimo tu. (Na huyo mdogo wako aliyepekua, kama ana ndoto za upolisi, mwambie asikuige. Matangazo ya ajira ya polisi huwa yanataka mtu asiye na tatuu.)

Leza ya mume wako. Inafanya kazi, lakini si kama kufuta ubao. Mwanga unauvunja wino kuwa chembe ndogo, kisha mwili wenyewe unazibeba taratibu, ndiyo maana unarudi mara nyingi na kati ya mara moja na nyingine unasubiri wiki sita, nane. Mweusi hutoka vizuri. Mweupe una kituko chake, mara nyingine ukipigwa leza unageuka kijivu au mweusi. Na kwa ngozi yetu, mashine isiyofaa inachukua wino pamoja na rangi yako mwenyewe, inakuachia baka jeupe lenye umbo la Kibo. Ukiamua, uliza kwanza kama mashine yao ina mwanga wa nanomita 1,064, huo ndio unaotumika kwa ngozi nyeusi. Asiyelielewa swali, usimpe mkono. Bahati yako uko Moshi. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika wamesomea hapo. Kaonane na daktari wa ngozi huko kabla hujamlipa mtu yeyote, na umwonyeshe hasa kama kuna sehemu inatuna au inawasha.

Mimi kwa maoni yangu usifute. Jina la baba liko sawa, na Kibo ni Kibo hata ukiitazama kutoka wapi. Tatizo ni ile Mawenzi iliyokaa kushoto. Ifunike. Watu watakushauri wingu, kwa kuwa Mawenzi na wingu ni ndugu, lakini wingu jeupe halifuniki wino mweusi. Cha kufunika lazima kiwe cheusi kuliko kilichopo na kikubwa kuliko kilichopo. Nilikaa na barua yako siku mbili nikiwaza kitu gani cha kwetu ni kirefu, kizito, cheusi cheusi, nikakumbuka isale, ule mmea wa heshima kwa Wachagga. Majani yake marefu yanayopanda kwenda juu yataimeza ile Mawenzi yote bila kubaki alama. Na kihambani kwenu, kwenye shamba la nyumbani, kama ni Marangu ninayoijua, isale lipo karibu na alipolala mzee. Kisha Mawenzi mpya ichorwe kulia, kama ngozi ya upande huo iko wazi. Mistari iwe minene kidogo, ile myembamba kama uzi haidumu kwenye ngozi zetu.

Ila kabla fundi wa pili hajashika sindano, mvue mama yako kwenye giza hilo. Kuvaa mikono mirefu Februari hata yeye ameshajua kuna kitu, mama gani asijue. Atasema ya kanisani, mwache aseme, yakiisha mpe mchoro mpya ulio kwenye karatasi. Huyo ameutazama ule mlima kutoka uani kwenu miaka yote ambayo mumewe alikuwa juu yake. Tokeni naye nje saa kumi na mbili asubuhi, aunyanyue ule mchoro, aulinganishe.

Na siku ya kubandikwa karatasi ya zambarau usijitazame kwenye kioo, wala kwenye kamera ile ya kujipigia. Vyote viwili vitakuhamishia Mawenzi kushoto tena. Mwombe mtu asimame mbele yako akupige picha ya kawaida, uitazame ukiwa umekaa, balo limefungwa.