Misri anaweza kutufungia maji ya Ziwa Victoria? Na bomba nani analipa?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Mimi ni mzee wa hapa Urambo, nipo kwenye kamati ya maji ya kijiji. Tunaambiwa bomba la Ziwa Victoria linaletwa huku kwetu, sasa vijana kijiweni wanabisha kwamba kuna mkataba wa mkoloni, Misri ndo mwenye yale maji na siku akikasirika anafunga. La pili, kama serikali imekopa India, bili ni ya nini tena? La tatu, bomba likifika, visima vyetu tuvifukie?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nashukuru kwa swali, mana hili la Misri hata huku Kigoma naulizwa kila mara.

Vijana hawajatunga, karatasi ipo kweli. Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza na Misri waliandikiana kwamba hakuna kazi yoyote ya kujenga, iwe umwagiliaji au umeme, itakayofanyika kwenye mto Nile, matawi yake au maziwa unakotoka, ndani ya nchi zilizo chini ya Mwingereza, bila Misri kukubali, kama kazi hiyo itapunguza maji yanayomfikia kwa namna ya kumuumiza. Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza kwahiyo na sisi tukafungwa humo, wala hatukuulizwa. Ila mkataba huo kwetu ulishaisha zamani sana. Nyerere alishatangaza mwishoni mwa 1961 kwamba mikataba ya mkoloni haturithi hivihivi, tunaipa muda wa kuitazama na isiyotufaa inakufa, alafu tarehe 4 Julai 1962 serikali ya Tanganyika ikawaandikia Uingereza, Misri na Sudan kuwa makubaliano ya 1929 hayaifungi. Misri hakukubali na mpaka leo anaushikilia, lakini kushikilia ni kitu kimoja na kufunga bomba ni kitu kingine, mana maji yanavutwa Ihelele, Misungwi, kwenye ardhi yetu, kwa pampu zetu na umeme wetu. Hamna koki iliyoko Cairo mzee wangu.

Na tulishafanya kwa vitendo. Mradi wa kutoka Ihelele kwenda Shinyanga na Kahama ulianza kujengwa 2004, kelele zikawepo, tukajenga tu, tena kwa hela zetu wenyewe, ukazinduliwa 2009. Mimi naona uamuzi wa kutumia hela yetu ulikuwa na akili kubwa, kwasababu mfadhili wa nje kwenye mto wenye ugomvi huwa anataka kwanza majirani wote waseme hawana pingamizi, na hapo ndo miradi ya watu inapolala miaka.

Sasa isieleweke kwamba hakuna sheria, tuchote tunavyotaka. Sheria ipo, mpya. Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, sisi watu wa maji tunauita CFA, ulifunguliwa kusainiwa Entebbe tarehe 14 Mei 2010 na sisi tulisaini siku hiyohiyo, Bunge likauridhia 2015, na baada ya Sudan Kusini kuridhia ukaanza kufanya kazi rasmi 13 Oktoba 2024. Misri na Sudan hawamo. Humo ndani hakuna namba ya nani achukue kiasi gani, kuna misingi: kila nchi itumie kwa haki na kwa kiasi kinachostahili ukiangalia watu wake, mahitaji yake, mchango wake kwenye mto na kama ana chanzo kingine, alafu asimsababishie mwenzake madhara makubwa, na wapeane taarifa za mipango yao. Walichogombania mpaka Misri akakaa pembeni ni sentensi moja, wengi walitaka iandikwe kwamba usiathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa mwenzako, Misri akataka iongezwe na matumizi na haki alizonazo sasa hivi, yaani 1929 irudi kwa mlango wa nyuma.

Kuna watu wanaona kukosa namba ni udhaifu, mimi sioni hivyo. Misri na Sudan walipangiana namba 1959, bilioni 55.5 za mita za ujazo kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudan, nyingine bilioni 10 zikahesabiwa zitakauka na jua kule kwenye bwawa la Aswan, Misri, mto ukaisha, wakati Ethiopia inakotoka sehemu kubwa ya maji hayo hata hakuitwa. Marekani nao, mto Colorado, 1922 majimbo saba waligawana, ya juu na ya chini kila upande kama bilioni 9.25 za mita za ujazo kwa mwaka, kumbe walipimia miaka ya mvua nyingi, mto ukaja kutoa pungufu na wanavutana mpaka leo.

Tukija kwetu, madhara makubwa yapo? Twende kwa hesabu. Ziwa Victoria lina eneo kama kilomita za mraba 68,800, kwahiyo milimita moja tu ya maji juu ya ziwa zima ni mita za ujazo milioni 68.8. Tuseme pampu zinavuta lita milioni 80 kila siku, hazipumziki hata sikukuu, mwaka mzima ni mita za ujazo milioni 29.2, nusu milimita haifiki. Jua peke yake linakausha zaidi ya hapo kwa siku moja. Na hayo yanayotoka ziwani pale Jinja, Uganda, ambako Nile inaanzia, karibu nusu ya maji ya huo mto yanapotelea kwenye madimbwi makubwa ya Sudan Kusini kabla hayajaifikia Khartoum.

Hoja moja tu ndo naiona ina uzito na watu wa Tabora muijue. Maji mkishayatumia Urambo hayarudi Ziwa Victoria. Huko yanateremkia mito ya Ugalla na Malagarasi, yanaingia huku kwetu Ziwa Tanganyika, yanatokea mto Lukuga kwenda Kongo, yaani tunahamisha maji kutoka bonde la Nile kwenda bonde la Kongo. Kwa kiasi cha maji ya kunywa hailetei mtu shida, lakini siku mtu akija na wazo la kumwagilia maelfu ya ekari za mpunga kwa bomba hilo, hapo ndo majirani watakuwa na haki ya kuuliza na sisi tutatakiwa kujibu.

(Mtauliza mbona msivute kutoka Kigoma. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya bahari, Victoria mita 1,134, na Tabora mjini ni kama 1,200. Hiyo tofauti yote ingelipwa kwa umeme wa pampu.)

Sasa hela. Bomba la kuja Nzega, Igunga na Tabora mjini lilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India, dola milioni 268.35, na Urambo, Sikonge na Kaliua mpo kwenye ule mradi wa miji 28 ambao mkopo wake ni dola milioni 500. Aliyesaini ni serikali, deni ni la Hazina. Bili yenu ni kitu kingine: umeme wa kusukuma, dawa za kusafishia maji (shabu na klorini), mishahara, na viungo vya bomba vikipasuka. KASHWASA, ile mamlaka ya maji ya Kahama na Shinyanga, anasafisha na kuuza kwa jumla, mamlaka zinanunua ndo ziwauzie nyie, na bei za mamlaka za mijini zinapitishwa na EWURA, mdhibiti wa serikali wa nishati na maji. Uniti moja ni lita 1,000, ndoo 50 za lita 20, kwahiyo ukiletewa bei gawanya kwa 50 alafu linganisha na mnachotozwa pale kioski, kama pengo ni kubwa ulizeni kwenye kikao, ni haki yenu. Kuna na Mfuko wa Taifa wa Maji, unapata shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli, kijana wa bodaboda akijaza lita mbili kashachangia shilingi 100.

La visima, msifukie hata kimoja. Pampu zikizimika mtavihitaji siku hiyohiyo. Kwa matumizi ya nyumbani sheria ya rasilimali za maji ya 2009 haiwasumbui, ila mkitaka kumwagilia mashamba au kuuza, ombeni kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi iko hapa Kigoma. Vilivyo jirani na vyoo tumieni kwa matofali na bustani, vingine mvifunike na mpeleke maji yapimwe kabla ya masika.