"Said" Haijakukosea Kitu

Kijana mmoja wa Nzuguni ameniandikia: "Dada, naomba orodha ya maneno ya Kiingereza ya kuweka badala ya said, yaani alisema. Bosi anasema ripoti zangu zinachosha." Mdogo wangu, orodha ninayo, ila sikupi. Sikiliza kwanza.

Nilianza kuandika ripoti za Kiingereza kwenye shirika moja hapa Dodoma, nisilolitaja. Tulikwenda kwa wakulima wa zabibu, Hombolo na Mpunguzi, tunasikiliza Kiswahili na Kigogo, jioni tunawaandikia wafadhili. Mwenzangu mmoja, wa shule za ada kubwa, aliiogopa said kama ukoma. Mwenyekiti wa ushirika kasema mavuno ni mazuri. Yeye kaandika admitted. Akiri nini, baba wa watu? Kuvuna vizuri ni kosa? Mama mmoja kasema wanunuzi wanawapunja bei, ikawa claimed, yaani alidai, na mfadhili akisoma hapo anaelewa kwamba hata mwandishi hamwamini yule mama. Insisted, alishikilia, nayo inataka awepo mbishi, na siku ile hakubisha mtu.

Nilizifuta karibu zote, nikarudisha said. Msimamizi akatamka mbele ya kikao kwamba mtoto wa shule ya kata kutoka Kongwa hawezi kumsahihisha mwenzake. Waliocheka nawakumbuka mmoja mmoja. Haya, mwezi huu ripoti yangu imerudi kutoka kwa wafadhili haijaguswa hata nukta, na sasa ofisini wananiletea za wengine nizinyooshe.

Said haichoshi, jicho la msomaji linaipita tu. Ibadilishe pale msemaji alipofanya zaidi ya kusema: alikanusha, denied, alionya, warned, aliahidi, promised. Na tofauti hizi unazo tayari, maana hakuna Mswahili anayechanganya alidai na alikiri. Jiulize kwanza ungeandikaje kwa Kiswahili. Vijana mnakimbilia maneno makubwa mkidhani ndiyo usomi, halafu sentensi inayofuata mnaandika "he explained me"! Sisi tunasema alinieleza, mtu yumo ndani ya kitenzi. Kiingereza kinadai explained to me. Said to me vilevile. Told me ndiyo haitaki to. Haya hayamo kwenye orodha yoyote mnayotumiana WhatsApp.

Huyo bosi muulize ni sentensi ipi iliyomchosha. Akishindwa kuionyesha, nitumie kurasa mbili za mwanzo, nitazisoma Jumapili nikitoka kanisani.