Kamilisha Uhakiki Kabla ya Kuweka Pesa, Usisubiri Siku ya Kutoa Ushindi

Mtu ambaye ushindi wake umesimamishwa kusubiri uhakiki hukubali kutuma karibu kila kitu anachoombwa. Nimelishuhudia hilo katika kazi niliyoifanya Dar es Salaam, kwenye kitengo cha uhakiki wa wateja cha kampuni moja ya michezo ya kubahatisha mtandaoni, ambako tulipokea picha za vitambulisho, tukazilinganisha na taarifa za akaunti, kisha tukaamua kama pesa zitoke au zisubiri. Wateja walitutumia hata vitu ambavyo hatukuwa tumeviomba: pande zote mbili za kadi ya benki pamoja na zile tarakimu tatu za nyuma, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao, na wengine namba ya siri ya akaunti ya pesa ya simu, wakiamini kwamba kadiri wanavyotoa taarifa nyingi ndivyo malipo yatakavyowahi. Ndiyo maana ushauri ninaoutanguliza mbele ya mengine yote ni kukamilisha uhakiki kabla hujaweka shilingi ya kwanza, wakati ambapo bado unaweza kusoma masharti kwa utulivu, kuuliza maswali, na kuondoka zako usiporidhika na majibu.

Uhakiki wenyewe si uonevu. Sheria ya kudhibiti fedha haramu ya mwaka 2006 inazihesabu kasino miongoni mwa taasisi zinazotakiwa kumtambua mteja na kutoa taarifa za miamala inayotia shaka, na ni marufuku kumruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Viwango vya FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia mapambano dhidi ya utakatishaji wa fedha, vinaitaka kasino imtambue mteja muamala unapofikia dola 3,000 za Marekani, na hiyo ni mojawapo ya sababu za mtu kutoa kiasi kidogo mara kwa mara bila kuulizwa neno, kisha siku ya ushindi mkubwa akajikuta anaombwa kitambulisho, picha ya uso na uthibitisho wa makazi kwa mkupuo. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya FATF ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu mwezi Oktoba 2022 na ikaondolewa Juni 2025, na sioni dalili kwamba ukaguzi wa aina hii utalegezwa.

Kinachonisumbua mimi ni wakati ambao maswali hayo huulizwa. Nchini Uingereza, tangu tarehe 7 Mei 2019, kampuni inayoendesha michezo mtandaoni inalazimika kuthibitisha jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa kabla mteja hajaruhusiwa kucheza, na haitakiwi kuifanya taarifa mpya kuwa sharti la kutoa pesa ikiwa ingeweza kuiomba mapema. Kwetu mteja huweza kujisajili kwa namba ya simu, akaweka pesa kwa muda mfupi sana, na maswali yakaanza siku anapotaka kuzitoa. Kwa kuwa utaratibu haukulindi, jilinde kwa kuandika kwa huduma kwa wateja mapema na kuuliza ni nyaraka zipi watakazozihitaji kwa kiasi kikubwa, na jibu lao ulihifadhi.

Kabla ya hapo, ijue kampuni. Teremka hadi chini kabisa ya ukurasa wa kwanza wa tovuti, usome jina la kampuni iliyosajiliwa, ambalo mara nyingi ni tofauti na jina la biashara lililo kwenye matangazo, kisha ulitafute katika orodha ya wenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Kasino isiyo na leseni hapa nchini ikikataa kukulipa, au kitambulisho chako kikizagaa kutoka mikononi mwake, utakuwa unamdai mtu ambaye hujui hata anaishi wapi.

Sehemu kubwa ya maombi tuliyoyakwamisha ilikwama kwenye majina. Kitambulisho kinasema Ally na akaunti inasema Ali. Mama amejisajili kwa jina la ukoo wa mume wakati kadi yake ya NIDA ina jina la baba yake. Kijana ameandika majina mawili na kadi ina matatu. Mbaya zaidi ni laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole za mtu mwingine, pengine shemeji au rafiki aliyekusaidia wakati hukuwa na namba ya NIDA. Katika michezo ya mtandaoni ya hapa kwetu namba ya simu mara nyingi ndiyo akaunti yenyewe, na pesa zikitoka zinaingia kwenye akaunti ya yule ambaye laini imesajiliwa kwa jina lake. Piga *106# uangalie ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Utajua kama laini unayoitumia ni yako kweli, na utagundua pia iwapo kuna namba usiyoitambua iliyosajiliwa kwa jina lako, jambo ambalo linapaswa kukupeleka kwa mtandao wa simu unaohusika siku hiyo hiyo. Na usiandike jina la uongo wakati wa kujisajili ukidhani unalinda faragha. Jina la uongo halimzuii mwizi, ila humzuia mhakiki kukulipa.

Kuhusu picha za nyaraka, piga kwenye mwanga wa mchana, kadi ikiwa juu ya meza yenye rangi moja, pembe zote nne zikionekana, bila mng'ao wa taa juu ya maandishi. Usiipunguze wala kuirembesha picha kwa programu, kwa sababu mifumo ya uhakiki huishuku picha iliyoguswa. Uthibitisho wa makazi una ugumu wake kwa Watanzania: kampuni za nje huomba bili ya umeme, ilhali sisi tunanunua umeme kwa LUKU na hakuna bili ya kila mwezi inayokuja na jina letu. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au taarifa ya benki yenye anwani hufanya kazi hiyo, lakini uliza kwanza kama wanaikubali barua ya Kiswahili. Unapotoa taarifa ya benki, acha jina, anwani, jina la benki na tarehe vionekane, na uifunike miamala isiyohusika, kwani mhakiki wa makazi hana haja ya kujua mshahara wako wala ada unayomlipia mtoto shule.

Kadi ya benki inastahili uangalifu wa pekee. Mhakiki anahitaji kuona jina, tarakimu sita za mwanzo na nne za mwisho. Zilizobaki katikati zifunike kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga picha, na zile tatu za nyuma asizione mtu yeyote. Juu ya nakala ya kitambulisho napendekeza uandike kwa mstari wa pembeni, bila kufunika uso, jina wala namba, kwamba nakala hiyo ni kwa ajili ya uhakiki wa akaunti kwa kampuni fulani, pamoja na tarehe. Serikali ya Uholanzi ina programu ya simu iitwayo KopieID inayowasaidia wananchi kufanya hivyo hivyo. Zipo kampuni zinazokataa nakala yenye maandishi, na hapo utaamua mwenyewe, lakini jaribu kwanza. Kumbuka pia kwamba tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, hivyo aliye na nakala ya kadi yako anayo na tarehe ya kuzaliwa. Kama namba yako ya siri ya simu au ya benki imetokana na tarehe hiyo, ibadilishe leo.

Nyaraka zipakiwe ndani ya akaunti yako, kwenye ukurasa wa uhakiki wa tovuti au programu ya kampuni, baada ya kuhakikisha kwamba anwani ya tovuti imeandikwa sawasawa herufi kwa herufi. Matapeli huwavizia watu wanaolalamika hadharani mitandaoni kwamba pesa zao zimekwama, kisha huwafuata kwenye WhatsApp au Telegram wakijiita maofisa wa uhakiki, wakiwa na nembo ya kampuni na lugha ya upole. Hapo ndipo huombwa ada ya uhakiki, au kodi ya ushindi inayodaiwa kutangulia kulipwa ili pesa zifunguliwe. Kodi ya ushindi hukatwa na kampuni yenyewe kabla ya kukulipa na kupelekwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mshindi haitumi kwa namba ya mtu binafsi. Nilipokuwa kazini hatukuwahi kumwomba mteja namba yake ya siri, wala ule msimbo wa mara moja unaotumwa kwa ujumbe mfupi, kwa kuwa hakuna hatua ya uhakiki inayouhitaji kusomewa mtu. Namba ya tapeli iripoti kwa 15040.

Hata kampuni halali huvuja. Mwezi Januari 2019 iligunduliwa seva ya kundi moja la kasino za mtandaoni iliyoachwa wazi bila neno la siri, ikiwa na kumbukumbu za dau zaidi ya milioni 108, pamoja na majina, anwani, namba za simu na taarifa za kuweka na kutoa pesa. Mwezi Novemba 2022 wezi waliingia kwenye akaunti za wateja wapatao 68,000 wa DraftKings ya Marekani kwa kutumia maneno ya siri yaliyoibwa kwenye tovuti nyingine kabisa. Waathirika walikuwa wametumia neno moja kila mahali. Akaunti yenye pesa ndani iwe na neno la siri ambalo halipo kwingine, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, na barua pepe unayoitumia ilindwe vivyo hivyo, maana anayeishika barua pepe yako anaweza kubadilisha mengine yote.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa madhumuni gani, kuziona, na kutaka zirekebishwe. Usitarajie hata hivyo kwamba ukifunga akaunti leo picha zako zitafutwa kesho, kwa sababu viwango vya FATF vinataka kumbukumbu za mteja zitunzwe kwa angalau miaka 5 baada ya uhusiano wa kibiashara kuisha. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kutotawanya kitambulisho kwenye kasino sita kwa ajili ya bonasi za kujisajili.

Jambo moja zaidi linahusu siku za kusubiri. Tovuti nyingi huweka kitufe cha kufuta ombi la kutoa pesa na kuzirudisha mchezoni, na niliwaona wateja wakikibonyeza usiku wa manane, nyaraka zao zikiwa bado kwenye foleni yetu, na asubuhi tunapozifungua hakuna tena cha kuwalipa. Liliniuma kila mara. Uingereza imepiga marufuku kitufe hicho tangu Oktoba 2021. Huku kwetu toka kabisa kwenye akaunti baada ya kutuma ombi, na kama kampuni ina utaratibu wa kuzuia ombi lisifutwe, uwashe.

Kampuni ikiendelea kukawia bila sababu ya maandishi, andika barua pepe moja yenye tarehe ya ombi, kiasi, kumbukumbu ya muamala na orodha ya nyaraka ulizokwisha kutuma, ukitaka kuambiwa ni kipi hasa kimepungua. Epuka kupiga simu, kwa sababu simu haiachi ushahidi mkononi mwako. Wasipojibu, barua hiyo hiyo ipeleke Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ikiwa mgogoro ni wa malipo, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikiwa wamezitumia nyaraka zako kinyume cha sheria. Ukiambatanisha nyaraka kwenye malalamiko, zifunike kwa namna ile ile.