Ndege wa London wakati wa baridi: usiifungie kamera kabatini

Mkuu, umeuliza kama inafaa kutoka na kamera London miezi hii au usubiri Mei, maana picha zako zote zinatoka za kijivu na zimetikisika. Usisubiri. Ikifika Mei majani yameshafunga msitu. Utasikia ndege kila upande na usimwone hata mmoja. Sasa hivi miti iko uchi, na bata madume, ambao kiangazi hunyonyoka na kufifia hadi kufanana na majike, wamesharudisha rangi zao zote.

Anzia Connaught Water, ziwa dogo ndani ya msitu wa Epping. Unashuka stesheni ya Chingford, unatembea. Pale wapo bata mandarini. Asili yao ni Asia ya Mashariki. Waliletwa Uingereza kuwa pambo la mabwawa, wengine wakatoroka, na msitu ukawafaa kwa sababu hutaga kwenye matundu ya miti mikongwe. Wamezoea watu, hivyo hiyo lenzi yako ya milimita 300 inatosha. Ila usipige ukiwa umesimama. Chuchumaa, lala kwenye tope ukiweza, lenzi iwe usawa wa jicho la ndege. Hilo litakusaidia kuliko kununua lenzi mpya (wauza kamera hawatakuambia).

Desemba jua huchomoza kama saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi, na hata adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi. Kwetu Tanga ikishapita saa tatu jua linakupiga utosini. Hapa unapata mwanga wa ubavuni mchana kutwa, mawingu yakikubali. Yasipokubali, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 1600, hata 3200. Chenga kidogo kwenye picha zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa. Bata anayeogelea mpe kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde, anayeruka 1/1000 au haraka zaidi. Kuhusu kijivu: kukiwa na theluji, kamera hudhani mwanga umezidi na kuitia giza picha nzima. Ongeza fidia ya mwanga (exposure compensation, yaani iambie kamera iing'arishe picha), +1 au zaidi kidogo.

Siku ninayoingojea mimi ni ile ambayo mabwawa madogo yameganda, kwa sababu ndege huhamia kwenye maji makubwa. Hapo nenda Walthamstow Wetlands, mabwawa 10 ya maji ya jiji yaliyofunguliwa kwa umma 2017, kuingia bure. Mtafute bata mwenye mdomo mpana kama koleo. Wenzake wa aina hiyo hiyo hufika hadi maziwa ya Momela kule Arusha miezi hii. Kulasitara nao huanza kujenga viota visiwani mapema, Februari utawakuta wamebeba vijiti mdomoni. Picha tamu sana hizo.

Halafu usimfukuze ndege. Siku ni fupi, chakula haba, na kila anaporuka anapoteza nguvu ya kumvusha usiku. Akiacha kula na kuinua shingo, umeshamkaribia mno, rudi nyuma.

Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, baridi huzimaliza upesi. Na kabla ya kuingia nyumbani ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki, uiache humo mpaka ipate joto la chumba, la sivyo mvuke utatanda kwenye lenzi. Kama una haraka ya kuona picha, toa kadi kwanza ukiwa bado nje.