Unga wa dopamini kwa mtahiniwa

Swali: Daktari, shikamoo. Mwanangu yuko Senior 6, mwaka wa mwisho wa sekondari, hapa Arua, Uganda. Anakesha akisoma, asubuhi hakumbuki kitu. Sokoni kuna mtu anauza unga wa kuongeza dopamini na glutamati, kemikali za ubongoni. Wenzake wanatafuna mairungi (miraa). Nimnunulie huo unga?

Jibu: Marahaba, mama. Usinunue. Dopamini ukiimeza haivuki kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo. Ndiyo maana mgonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, aliyepungukiwa nayo kweli, hapewi dopamini yenyewe bali dawa ya levodopa, ambayo huvuka kwanza na kugeuzwa kuwa dopamini huko ndani. Glutamati nayo heri izuiwe, kwani ikizidi ubongoni huua seli.

Kinachonikera ni watu kuuona ubongo kama jerikeni: umepungua, jaza! Kemikali hizi ni ujumbe wa seli moja ya neva kwa nyingine, mahali zinapokutana, kwenye sinapsi. Muhimu ni zitolewe wapi na saa ngapi. Glutamati hukuta mlango wa seli inayopokea umezibwa na magnesiamu, na kizibo hakitoki mpaka seli hiyo iwe imesisimka vya kutosha. Kikitoka, kalsiamu huingia, vipokezi, yaani sehemu za kuupokea ujumbe, huongezeka, na ujumbe unaofuata hupokewa kwa nguvu zaidi. Mwaka 1973 watafiti Bliss na Lømo walieleza jinsi walivyosisimua njia ileile mara kadhaa katika ubongo wa sungura, na sinapsi zikabaki na nguvu kwa saa nyingi. Hakuna unga uliotumika.

Dopamini huja kama muhuri, kwamba hili litunzwe. Mairungi huimwaga ovyo na kufukuza usingizi, na ni usingizini ubongo unapoyapitia tena ya mchana na kuyakaza. Kijana wako anasoma, kisha ananyimwa saa za kuhifadhi. Alale, na mchana afunge daftari ajiulize maswali mwenyewe.

Kila mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ikikaribia naletewa watoto moyo unawaenda mbio, mikono inatetemeka, wamemeza vidonge visivyo na jina. Mzazi huniambia muuzaji alivaa koti jeupe na alizijua kemikali zote kwa majina. Kutaja dopamini hakumfanyi mtu kuwa mganga wa ubongo. Mwulizeni kilichomo, kiasi gani, na nani amekikagua. Akianza kuhubiri badala ya kujibu, ondokeni.