Kabla Hujaingia Kwenye Pagala na Rafiki Yako

Kama una rafiki aliyenunua kamera, iko siku atakuambia, "Twende tukalione lile jengo." Wangu aliniambia hivyo mwezi Juni, tumekaa karibu na stendi ya Moshi tunakunywa chai ya maziwa, baridi imeshika, mlima hauonekani siku ya nne. Nitamwita Mangi, maana huku kwetu kila mwanamume ni mangi mpaka siku atakapokuja kukopa.

Jengo lenyewe liko juu ya mji, ukipandisha upande wa Kibosho. Sielekezi zaidi ya hapo. Ni chuo kidogo cha zamani: mabweni mawili, jiko na zahanati, katikati ya shamba la kahawa ambalo nalo limegeuka pori. Watoto wa shule wakipita pale jioni wanakimbia. Wanasema usiku kengele inalia yenyewe.

Siku hiyo hatukubakiza kosa. Nilivaa sendo. Tochi zetu zilikuwa za simu, na yangu ilikuwa na chaji ya kuombea dua. Hatukumuaga mtu. Tulifika kwenye wigo wa masale, tukapenya. Na hapo mtoto wa Kichaga alitakiwa asimame kwanza, kwa sababu masale hayajioteshi; yanapandwa mpakani na makaburini, na jani lake ndilo unalolishika ukienda kuomba msamaha. Tena yale yalikuwa yamepogolewa, mikato bado mibichi. Sisi tuliona majani tu.

Bwenini vitanda vya chuma vilikuwa vimebaki viwili. Ubaoni chaki ilikuwa bado inasomeka: "Zamu ya kudeki, kitanda 1 hadi 6." Kila palipokuwa na swichi pamebaki tundu, waya umechomolewa. Silingibodi imebonyea katikati kama godoro la gesti, na harufu ya popo inakukaba koo. Mangi anapiga picha, mimi najifanya natazama madirisha. Ndipo chumba cha pili mtu akakohoa. Kikohozi kikavu cha mtu mzima, mara mbili, kisha kimya.

Mangi alitokea mlango wa nyuma na mimi nyuma yake. Hatua kama kumi hivi kwenye nyasi, nikamwona amekuwa mfupi. Alikuwa amekanyaga bati lenye kutu, likakatika, mguu mmoja umezama kwenye karo mpaka pajani. Nilimdaka kwa mkanda wa kamera. Jiwe lilidondoka pembeni ya mguu wake, tukasubiri, tukasubiri, ndipo likasema chubwi.

Aliyetusaidia kumvuta ndiye aliyekohoa: mzee wa miaka sabini hivi, koti refu, panga mkononi, lile la kupogolea masale.

"Shikamoo, babu," Mangi alisema, mguu bado uko shimoni.

"Marahaba. Mngeniamkia getini."

Babu ndiye aliyetufundisha kulisoma jengo. Mifuniko ya makaro ilikuwa ya chuma. Ilibebwa usiku ikauzwa vyuma chakavu. Zikafuata waya za shaba, kisha vitanda. Mashimo akayaziba yeye kwa mabati mabovu aliyoyaokota. Kwa hiyo ukikuta pagala limeng'olewa swichi, hesabu kwamba na mifuniko haipo. Tembea na fimbo ndefu, gonga mbele yako, na nyasi ndefu zizunguke. Ukisahau yote niliyoandika hapa, hilo la fimbo libaki nalo.

Kengele nayo tulioneshwa. Ni rimu ya lori inayoning'inia kwenye mwembe, na anayeigonga ni babu, wezi wajue kuna mtu.

Jengo halikuuawa na mizimu. Mwaka 1989 mpango wa kimataifa wa kugawiana kiasi cha kahawa ya kuuza nje ulivunjika, bei ikaporomoka, na huku mlimani watu wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya na ndizi. Shamba lisilojilisha halilishi chuo. Kwa babu hadithi yote hiyo ni fupi: "Mshahara ulichelewa, walimu wakaondoka, mimi nikabaki."

Ndiyo maana nasema anza na mtu. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, au wa mtaa kama uko mjini, jitambulishe, uliza nani anapaangalia. Kuingia kwenye eneo la mtu bila ruhusa kunaweza kuwa kosa la jinai, hata kama geti limeoza. Mahali palipokuwa pa polisi, jeshi au magereza, kamera ibaki nyumbani kabisa. Na mwambie mtu mwingine mnakokwenda na saa ya kurudi. Sisi tungezama wote wawili pale, nani angejua?

Ndani, tazama juu kabla ya kutazama picha. Chini ya dari iliyobonyea usipite. Vinyesi vikavu vya popo vinaweza kuwa na kuvu, na ukivuta vumbi lake unaugua mapafu, kwa hiyo usifagie, usitimue, chumba kilichojaa kiache. Popo akikuuma au kukuparua, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Mabati ya kijivu mazito yanayokatika kama kigae huenda ni asbesto, usiyavunje, usiyapande. Nyuki wakikuvaa, funika uso ukimbie, usipigane nao. Nyoka akiuma, hakuna kuchanja wala kunyonya wala kufunga kamba: mtulize mwenzako, asitembee ovyo, atafutiwe gari. Namba ya dharura ya polisi ni 112, zimamoto na uokoaji 114.

Lakini hatari niliyoiogopa baadaye, nikiwa kitandani, ilikuwa Mangi. Au tuseme mimi na Mangi. Peke yangu ningeishia kwenye wigo. Peke yake angeishia mlangoni. Tukiwa wawili, kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aseme turudi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Basi tukakubaliana maneno: atakayesema "tukanywe chai," tunaondoka, haulizwi kwa nini, na hachekwi njiani. Mkichagua yenu, yawe mepesi kutamka mtu akiwa na aibu.

Tulirudi Septemba, mchana kweupe, na buti, fimbo mbili, sukari kilo mbili na ugoro wa babu. Tulimwamkia getini. Alituzungusha mabweni yote mawili, akatufikisha mlango wa zahanati, akasema humo hata yeye haingii tangu nyuki wahamie. Mlango ulikuwa wazi nusu, na kwa ndani kabati la dawa la kioo lilionekana zima, linang'aa. Picha ya mwaka hiyo. Mangi aliinua kamera, akaishusha.

"Tukanywe chai," akasema.

Babu akafikiri ameombwa. Akaenda kuwasha moto, tukainywa kwenye ngazi za bweni kwa sukari yetu wenyewe.